Mtoto Asiyetulia Ibadani: Tumsaidieje Mwenye Usonji na Tatizo la Kukosa Umakini?



Katika ziara zetu za sharika robo hii, swali moja limejirudia kwenye vikao vya kamati: tufanye nini na mtoto anayekimbia ovyo ibadani, anayepiga kelele kwaya ikianza, anayewauma wenzake katika Shule ya Jumapili? Mahali pengine mzazi ameshaombwa amwache nyumbani. Matokeo yake ni kwamba mama naye haji tena kanisani, kwa kuwa hana wa kumwachia. Makala hii inawaeleza wajumbe wa kamati na wafadhili wetu jinsi tunavyolielewa jambo hili, na yale ambayo usharika unaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Hali mbili kwa mtoto mmoja

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mtoto hupata shida katika mawasiliano na katika kuhusiana na watu, hupenda mambo yaende kwa namna ileile, na mara nyingi sauti, mwanga au hata mshono wa shati humsumbua kuliko unavyotusumbua sisi. Hali ya kutotulia na kukosa umakini, ambayo hospitalini huitwa ADHD, nayo huanza utotoni. Mtoto hawezi kudumu kwenye jambo moja, husahau alichoagizwa, na hutenda kabla ya kufikiri.

Mara nyingi hali hizi huonekana pamoja. Hata hivyo, mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, unaotumika katika nchi nyingi, haukuruhusu mtoto mmoja kuandikiwa zote mbili hadi ulipobadilishwa mwaka 2013. Ndiyo maana baadhi ya wazazi waliambiwa zamani kuwa mtoto ana hii tu au ile tu. Zikikutana, huvutana: usonji unataka utaratibu usiobadilika, kutotulia kunatafuta jambo jipya kila dakika. Mtoto huvuruga utaratibu anaouhitaji mwenyewe, kisha hulia kwa sababu umevurugika.

Hali hizi hazitokani na malezi mabaya, laana wala chanjo. Kurithi kuna nafasi kubwa. Tunawaombea watoto hawa kama tunavyowaombea watoto wote, lakini kusema wana mapepo kunawaongezea wazazi aibu na kuchelewesha msaada.

Tabia ina sababu

Kabla ya kumrudi mtoto, tunawashauri wazazi na walimu wajiulize maswali matatu: Nini kilitangulia? Mtoto alifanya nini hasa? Nini kilifuata?

Katika usharika mmoja, wazee waliamini kwamba mtoto wa miaka saba anachukia ibada. Walimu wa Shule ya Jumapili wakaandika kwenye daftari kwa Jumapili nne. Ilionekana kwamba kila mara alianza kuziba masikio spika zilipowashwa, na benchi lake lilikuwa jirani na spika. Alipotaka kukimbia alishikwa kwa nguvu, na hapo ndipo alipouma. Akahamishiwa benchi la nyuma karibu na mlango, na shangazi yake akaruhusiwa kutoka naye wakati wa kwaya. Jumapili nyingine bado hulia, lakini kuuma kumepungua sana.

Swali la tatu nalo lina uzito. Mtoto akipiga kelele akapewa soda ili anyamaze, amejifunza kwamba kelele huleta soda. Soda hiyohiyo akipewa wakati ametulia, atajifunza jambo jingine.

Aidha, mtoto asiyeweza kusema hawezi kutuambia kwamba jino linauma, hajapata choo au hakulala. Tabia ikibadilika ghafla, apelekwe kwanza kituo cha afya. Kifafa pia hutokea zaidi kwa watoto wenye usonji. Aliyepewa dawa za kifafa asiachishwe bila daktari.

Mambo yanayosaidia nyumbani na kanisani

1. Ratiba ileile kila siku, ikiwezekana kwa michoro ukutani: kunawa, kula, shule, kulala.
2. Maneno machache. Mwite jina, mwagize jambo moja, subiri. "Leta kikombe" ni bora kuliko maagizo matatu kwa pamoja.
3. Kazi fupi na nafasi ya kutembea. Mpe kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo au kubeba kikapu.
4. Sifa ya papo hapo kwa jambo alilofanya: "Umekaa vizuri wakati wa sala."
5. Taarifa mapema. Kukiwa na mgeni au safari, aambiwe kabla.
6. Anapolipuka, ondoa vitu vya hatari, waombe watu wasogee, punguza sauti. Wakati huo hafundishiki. Mafundisho yangoje atulie.

Kuhusu dawa, zipo zinazosaidia kutotulia, nazo hutolewa na daktari. Hakuna dawa inayoponya usonji. Anayeiuza anawaibia wazazi.

Fimbo na kamba

Wapo wanaotukumbusha Mithali kuhusu fimbo. Lakini mtoto anayepigwa kwa kuwa sauti inamuumiza hajifunzi utii. Anajifunza kuogopa mahali na watu. Wengine humfunga kamba mtoto au kumfungia ndani ili mama aende shambani. Tunajua mzigo ulio nyuma ya uamuzi huo, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutendewa ukatili, na moto ukitokea, aliyefungwa hawezi kukimbia. Mama huyo anahitaji kwanza mtu wa kumsaidia kulea.

Tunachoomba kwa kamati na wafadhili

Kila kamati ya diakonia iteue watu wawili wa kumtembelea mzazi na kumpumzisha walau nusu siku kwa wiki. Mtoto asindikizwe hospitali ya wilaya, ili akihitaji apewe rufaa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC. Kanisa letu lina uzoefu wa kujifunzia: Shule ya Irente Rainbow huko Lushoto, ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, huwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji.

Kwa wafadhili wetu, sadaka zenu hulipa vitu visivyopigika picha: nauli ya kliniki, mafunzo ya walimu, karatasi za michoro. Msitazamie kusoma katika taarifa zetu kwamba watoto kadhaa wamepona. Tuulizeni kama mtoto anakula mwenyewe, kama analala usiku, kama mama yake amerudi ibadani. Hayo huja polepole, na msaada ukikatika baada ya mwaka mmoja, mengi hurudi nyuma.

Wanafunzi waliowazuia watoto wasimfikie Bwana Yesu walidhani wanalinda utulivu. Yeye aliwakemea wao, si watoto. Kamati itakapokaa kupanga mabenchi, ianze na lile la karibu na mlango.