Unga Ukimwagika, Nani Atabisha Hodi?

Nimehudhuria mikutano ya waandishi wa habari isiyohesabika, mingi ikiwa ya chai, hotuba na picha ya pamoja. Ukiniuliza ni upi ulionifaa, msomaji mpendwa, sitautaja hata mmoja wa Nairobi. Nitautaja kikao nilichohudhuria miaka mingi iliyopita mjini New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, nilikopelekwa na rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja hapa nchini kabla hajahamia Marekani. Babu yake aliuza vitambaa Mombasa, mtaa wa Biashara, na Kiswahili chake cha Kimvita huniaibisha mimi mtu wa bara. Aliniambia tu, "Ndugu yangu, njoo uketi nyuma usikilize."

Kikao chenyewe kilikuwa cha SAJA, chama cha wanahabari wenye asili ya Asia Kusini wanaofanya kazi Amerika Kaskazini. Kiliasisiwa New York mwaka 1994 na vijana wachache, miongoni mwao Sree Sreenivasan, aliyekuja kuwa mwalimu wa uandishi hapo hapo Columbia, na Om Malik, mwandishi wa mambo ya teknolojia. Waandishi weusi wa Marekani walikuwa na chama chao tangu 1975, na wale wenye asili ya Asia kwa jumla tangu 1981. Tunapotaja Asia Kusini tuna maana ya India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka, Nepal na jirani zao. Sisi hapa huwaita wote Wahindi, tukamaliza. Pale ukumbini nilikuta mtu wa Lahore na mtu wa Delhi wameinamiana mezani wakibishana kwa ukali, nami nikadhani ni habari ya Kashmir. Kumbe walikuwa wanabishana ni mhariri yupi wa Chicago anayejibu barua za waombao kazi.

Chama hiki kilikuwa na haja mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwingiza kijana katika chumba cha habari ambamo hakuna anayemjua. Ya pili ilikuwa kuwasaidia wahariri wa Kimarekani kuandika habari za watu hawa bila kuwaharibia majina, dini na nchi zao. Ndipo SAJA ikatunga mwongozo wa maneno, ili mwandishi wa zamu ya usiku ajue tofauti ya Mhindu na Mhindi, na ya Singasinga na Mwislamu. Huenda mtu akayaona haya kuwa mambo madogo. Lakini mnamo Septemba 15, 2001, siku nne tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Balbir Singh Sodhi, Singasinga mwenye kituo cha petroli mjini Mesa, Arizona, alipigwa risasi akafa kwa sababu muuaji alikiona kilemba chake akamdhania Mwarabu. Baada ya siku ile, hakuna mhariri mwenye akili aliyeweza kusema kwamba maana ya kilemba si kazi ya gazeti.

Hata hivyo, sikuja kuusifu mwongozo wa maneno. Kilichonigusa kilikuwa kwenye meza moja ya pembeni, karibu na birika la kahawa. Hapo waliketi waandishi wazee watatu, na vijana walipanga foleni kuwaonyesha kazi zao. Binti mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Bangladesh, hakuleta makala. Alileta mkataba. Alikuwa ameambiwa kwamba gazeti halimwajiri, ila litamlipa kwa kila habari, naye alikuwa tayari kutia sahihi kwa furaha. Mzee mmoja akavaa miwani akausoma neno kwa neno, huku foleni ikingoja. Akamwuliza: picha zako zitakuwa mali ya nani baada ya kuchapishwa? Ukishtakiwa kwa ulichoandika, wakili atalipwa na nani? Utalipwa ukishapeleka makala au yakishatoka, na yasipotoka je? Binti hakuwa na jibu hata moja. Mzee akachukua kalamu, akaweka alama mahali pa kwenda kudai, akamwambia asione haya, kwani yeye mwenyewe alitia sahihi mikataba kama ile kwa miaka ishirini bila kuisoma.

Naam, tasnia ilikuwa imeanza kuwapotea miguuni. Kituo cha utafiti cha Pew kimekadiria kwamba kati ya 2008 na 2020 ajira katika vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani zilishuka kutoka watu 71,000 hivi hadi 31,000. Watu waliojenga chama ili wafunguliwe mlango walijikuta wameingia nyumba inayobomolewa. Hata waasisi hawakusalimika. Kampuni ya habari ya Om Malik, Gigaom, iliyozaliwa na kukulia katika intaneti ambayo tuliambiwa ndiyo wokovu wetu, iliishiwa fedha ikafunga kazi mwezi Machi 2015. Sreenivasan naye alipoteza kazi mwaka 2016 katika jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan, alikokuwa mkuu wa masuala ya dijitali. Hakujificha. Alitangaza jambo hilo hadharani, akawakaribisha watu watembee naye na kuzungumza, na haukupita muda mrefu kabla ya jiji la New York kumpa wadhifa wa aina ile ile.

Nililinganisha na yangu. Siku nilipomwaga unga katika gazeti moja ambalo sitalitaja, barua niliikabidhiwa Ijumaa jioni, pamoja na sanduku la kutilia vitabu vyangu. Kwa miezi mitatu niliwaambia majirani kwamba niko likizoni. Nilivaa shati na tai, nikatoka saa moja asubuhi, nikaenda kuketi maktabani mpaka jioni. Katika miezi hiyo hakuna mwenzangu wa kalamu aliyenipigia simu, nami siwalaumu sana, maana kabla ya hapo kuna waliopigwa kalamu nisiwapigie simu mimi.

Nakiri kwamba mwanzoni chama kile kilinikera. Mkenya akisikia watu wamekusanyika kwa asili yao, hunusa ukabila. Nilimweleza rafiki yangu hivyo, akanikumbusha mambo mawili. Kwanza, tuzo ya SAJA ya habari bora kuhusu Asia Kusini ina jina la Daniel Pearl, Mmarekani Myahudi aliyetekwa nyara Karachi mwaka 2002 akauawa akiwa kazini. Pili, akaniuliza kwa upole kama ninajua gazeti la Habari za Dunia lilichapishwa na nani.

Nilikuwa ninajua, ila nilikuwa nimesahau. Lilitoka katika mitambo ya Girdhari Lal Vidyarthi hapa Nairobi, Mhindi aliyeanzisha Colonial Times mwaka 1933, kisha akawachapia Waafrika gazeti kwa Kiswahili wakati ambapo wenye mitambo wengi hawakuthubutu. Serikali ya kikoloni ilimfunga kwa uchochezi katika miaka ya 1940. Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi Februari 24, 1965, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mbunge. Rafiki yangu hakuongeza neno, akanimiminia kahawa.

Sisi wa Kiswahili tuna vyama vya kushughulikia sarufi na istilahi, navyo vina kazi yake. Lakini mwandishi wa mashinani anayetuma habari kutoka Lamu au Taveta kwa simu yake mwenyewe, kwa vocha aliyonunua mwenyewe, hana meza ya kupeleka mkataba wake, kama anao. Mwaka jana niliwaalika wenzangu watano tukutane Jumamosi katika hoteli moja ya Barabara ya River. Walikuja watatu. Mmoja alileta karatasi aliyoitia sahihi miaka minne iliyopita na ambayo hakuwahi kuisoma, tukaisoma pamoja kifungu kwa kifungu mpaka chai ikapoa. Kifungu cha saba kilisema kwamba gazeti linaweza kumwachisha bila notisi. Alicheka, kisha akanyamaza, halafu akauliza tutakutana tena lini.