Gari Jipya Likiwa Bovu, Mama Afanye Nini?

Si wachache kati yetu walio na mtoto, dada au shemeji huko Marekani. Wengine walikwenda kusoma, wengine wanafanya kazi ya uuguzi au kutunza wazee, na wengine, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, walipokelewa huko kama wakimbizi. Katika sehemu nyingi za nchi ile mabasi ni machache, na mtu asiye na gari hupata shida kufika kazini, hospitali, hata kanisani. Ndiyo maana gari huwa deni kubwa la kwanza ambalo wengi wao huchukua. Tumeona vema tueleze jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi siku ya kutia sahihi: gari jipya likiwa bovu, na fundi akashindwa kulitengeneza, sheria inamlinda mnunuzi.

Limau ni nini?

Wamarekani huliita gari la namna hiyo "limau". Kwa macho linapendeza, lakini ukilionja unakunja uso. Hata hivyo, si kila kasoro inalifanya gari kuwa limau. Redio inayokwaruza haitoshi. Sheria inazungumzia kasoro kubwa, inayopunguza matumizi, thamani au usalama wa gari. Kasoro hiyo iwe chini ya dhamana ya kiwanda, na fundi wa kampuni awe amepewa nafasi ya kutosha kuiondoa akashindwa. Uharibifu ulioletwa na ajali, au na mwenye gari kulitumia vibaya, haumo.

Kwa mama anayetoka zamu ya usiku huku mtoto amelala kiti cha nyuma, injini inayozimika katikati ya barabara kuu si usumbufu tu. Ni hatari ya maisha.

Sheria hizi zilitoka wapi?

Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya dhamana iitwayo Magnuson-Moss. Inawataka wanaotoa dhamana waieleze kwa lugha inayoeleweka. Tena inamwezesha mnunuzi aliyeshinda kesi kuiomba mahakama iamuru gharama za wakili wake zilipwe na upande wa pili. Lakini haikutaja gari lirudi gereji mara ngapi. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut likawa la kwanza kupitisha sheria ya limau. Leo majimbo yote 50 yanazo, ila hazifanani.

Tuchukue mifano miwili. Katika California, gari hudhaniwa kuwa limau ikiwa, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, lolote litakalotangulia, kasoro ileile imetengenezwa mara 4 au zaidi bila kupona. Kasoro inayoweza kuua au kujeruhi vibaya, kama ya breki au usukani, mara 2 zinatosha. Au gari liwe limekaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, hata kama siku hizo hazikufuatana. Katika New York, muda ni miaka 2 au maili 18,000, na kipimo ni mara 4 au siku 30.

Mnunuzi hupata nini?

Kiwanda hutakiwa kumpa gari jingine au kulinunua tena lile bovu. Katika California mnunuzi ana haki ya kukataa gari jingine na kudai fedha zake, pamoja na kodi na ada za usajili. Hukatwa kiasi kidogo kwa maili alizoendesha kabla ya kulipeleka gereji mara ya kwanza kwa kasoro hiyo. Bei huzidishwa kwa maili hizo, kisha hugawanywa kwa 120,000. Kwa gari la dola 30,000 lililopelekwa likiwa na maili 6,000, makato ni dola 1,500.

Andika kila kitu

Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba dawa isiyoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa huhesabiwa kuwa haikutolewa. Gari nalo ni hivyo hivyo. Wengi hushindwa kwa sababu hawana ushahidi.

Kila unapolipeleka gereji, dai karatasi yenye tarehe uliyolileta, tarehe uliyolichukua, maili zake na malalamiko yako. Idai hata kama fundi anasema hakuona kasoro. Eleza tatizo kwa maneno yaleyale kila mara, ili ionekane kuwa ni ugonjwa uleule. Kisha kiandikie kiwanda chenyewe, si muuzaji peke yake, na utunze nakala. Baadhi ya majimbo, kama New York, yana usuluhishi ambao gharama yake ni ndogo kuliko kesi mahakamani.

Jambo jingine: usiache kulipa mkopo kwa hasira. Benki iliyokukopesha haigombani na kiwanda. Ukiacha kulipa inaweza kulichukua gari, nawe ukabaki na deni na sifa mbaya ya mikopo. Wanaofikia hatua hiyo wanaweza kugombana nyumbani pia, mume na mke wakitupiana lawama kwa kosa ambalo ni la kiwanda.

Magari yaliyotumika

Hapa pana mtego. Sheria nyingi za limau ni za magari mapya. Majimbo machache tu, New York na Massachusetts yakiwamo, yana sheria ya limau kwa yaliyotumika. Tangu mwaka 1985 muuzaji wa magari hayo hulazimika kubandika dirishani karatasi inayoeleza kama gari lina dhamana au linauzwa lilivyo. Soma karatasi hiyo kabla ya kutoa hata senti, au mwombe anayejua Kiingereza akusomee.

Na sisi tulio nyumbani?

Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara iliyoletwa na ubovu wake. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilianzisha Tume ya Ushindani, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji. Kwa hiyo tabia ya kutunza risiti na hati ya dhamana inatufaa hata tukinunua friji au cherehani.

Baadhi yetu tulilelewa tukiamini kuwa mwanamke Mkristo hadai. Lakini Bwana Yesu alitoa mfano wa mjane aliyemwendea hakimu dhalimu tena na tena, mpaka akapewa haki yake. Hatuambiwi kwamba alitukana. Tunaambiwa kwamba hakuchoka. Mtumie dada yako ujumbe leo, umwulize kama karatasi za gereji anazitunza.