Shabiki wa Kikwe, bonyeza boneti kabla hujapanda

ARUSHA. Siku ya mechi kubwa, mashabiki wa Kikwe wilayani Arumeru huanza safari mapema. Wapo wanaopanda bodaboda mpaka barabara kuu ya Arusha–Moshi, na wapo wanaochanga na kukodi Noah moja mpaka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Stori njiani ni kikosi kitakachoanza. Shokapu haina anayeiuliza, wakati kwenye barabara ya vumbi na makorongo, gari likiwa limejaa, yenyewe ina sauti kubwa kwenye kuamua kama breki itashika.

Wengi wanaamini shokapu ipo ili abiria asiumie mgongo. Hiyo ni faida ya ziada. Kazi yake kubwa ni kulibakiza tairi ardhini. Tairi likiwa hewani, hata kwa nusu sekunde, breki haina pa kushika na usukani hauna cha kugeuza.

BEKI NA KIUNGO MKABAJI

Springi ni beki wa kati. Inabeba uzito wa gari na kupokea kishindo cha shimo. Shida yake, ikibonyezwa inarudi juu kwa nguvu, inashuka, inapanda tena. Ikiachwa peke yake, gari linadunda kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi.

Hapo anaingia kiungo mkabaji, shokapu. Ndani yake kuna pistoni inayotembea kwenye oili, na oili inalazimika kupenya kwenye matundu madogo. Nguvu ya kudunda inageuka joto, mchezo unatulia. Ndiyo maana baada ya safari ndefu ya rafu rodi shokapu huwa ya moto.

Bodaboda nyingi zina shokapu mbili nyuma, zimezungukwa na springi. Mbele, springi na oili vimefichwa ndani ya mabomba mawili yanayoshika tairi. Kwenye Noah na magari mengi madogo, mbele kuna strati, yaani shokapu na springi vilivyofungwa pamoja kama mguu mmoja unaozunguka na usukani. Ikichoka, gari linadunda na usukani nao unaanza kuyumba.

SOMO LA SAFARI RALLY

Afrika Mashariki ililijua hilo zamani. Mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo akiwa na Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza saba tu, na mshindi, Nick Nowicki, alikuwa na Peugeot 404 pia.

Gari lile halikusifika kwa mbio. Lilikuwa na strati mbele, na springi laini zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hivyo tairi lilifuata shimo bila kuirusha bodi.

VUMBI NA MISHIKAKI

Udongo wa ukanda wa Mlima Meru una majivu ya volkano, na kiangazi vumbi lake huwa laini kama unga. Likiganda kwenye chuma cha shokapu, linaisugua sili kila chuma kinapopanda na kushuka. Sili ikikatika oili inavuja, na shokapu isiyo na oili ni bomba tu.

Adui mwingine ni mishikaki. Shokapu za pikipiki zimetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja. Wakipanda wanne, zinafika mwisho wa safari yake, kila shimo linagonga chuma kwa chuma, na uzito ukiegemea nyuma tairi la mbele linakuwa jepesi.

Kwenye magari, baadhi ya madereva huweka spesa kuinua springi zilizolala. Gari linasimama vizuri, lakini shokapu iliyokufa haifufuki kwa spesa.

DAKIKA MOJA YA UKAGUZI

Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likipanda na kutulia, shokapu iko hai. Likidunda mara mbili, tatu, imekwisha. Angalia kama kuna oili mwilini mwa shokapu, kama tairi limelika kwa mabaka, na kama pua inainama sana breki ikikanyagwa. Kwa bodaboda, pitisha kidole kwenye chuma cha mbele. Kidole kikitoka na oili, sili imekatika.

Zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Upande mmoja mpya na mwingine mchovu ni sawa na kucheza na kiatu mguu mmoja.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha imepata uwanja mpya pale Olmoti. Michango ya kukodi magari itaongezeka. Kabla hela haijamfikia dereva, shabiki mmoja abonyeze kona za gari, mbele na nyuma. Likidunda mara tatu, tafuteni Noah nyingine, hata kama kipindi cha kwanza kitawapita.