Mgeni wa Dabani na Mpaka Usioonekana

Wasamia ni watu wa nchi mbili. Wapo Dabani, Masafu na Lumino upande wa Uganda, na wapo Funyula upande wa Kenya. Lugha yao ni moja, na harusi ya huku haikosi wajomba kutoka kule. Mwaka 1902 Waingereza walipolitoa jimbo la mashariki la Uganda na kulitia chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Ndiyo sababu katika mji wa Busia mgeni aweza kuingia nchi nyingine akidhani amevuka barabara tu. Undugu hauna mpaka, lakini sheria inao.

Msafiri na apitie kituoni, ijapokuwa mwenyeji wake atamwonyesha njia ya panya iliyo fupi zaidi. Tangu Februari 2018 kituo cha Busia ni cha pamoja: aingiaye Uganda hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, na aingiaye Kenya upande wa Kenya. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa tangu 2014 kutumia kitambulisho cha taifa. Mtanzania na achukue pasipoti yake. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, si ndani ya sanduku lililofungwa kamba juu ya basi.

Kwa jamaa za askari liko jambo kubwa zaidi, nalo ni mavazi. Askari aendaye likizo ugenini hana budi kupata ruhusa ya mkuu wake, na sare yake ibaki kambini. Mama naye asimvike mtoto kofia ya baba, wala asijifunike koti lake la madoadoa kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Katika Kenya na Uganda ni kosa kwa raia kuvaa nguo za kijeshi, na kusema "ni za mume wangu" hakuondoi kosa. Pengine kutaongeza maswali, maana mume huyo ni askari wa nchi nyingine.

Mifuko ya plastiki nayo imewaponza wengi. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyotangazwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Anayerudi na samaki wa Busia na awatie kikapuni.

Katika fedha, aulize kwanza: shilingi ipi? Shilingi 1 ya Kenya hupata zaidi ya shilingi 20 za Uganda, hivyo "elfu moja" ya mwenye bodaboda yaweza kuwa nauli ya haki au unyang'anyi. (Bodaboda zenyewe zilianzia mpakani hapa, zikiwa baiskeli za kuvusha abiria, na jina lao ni neno la Kiingereza la mpaka.) Abadilishe fedha benki au dukani, asihesabiwe noti katikati ya msongamano.

Nyumbani, salamu ni "mulembe", yaani amani, nayo haiharakishwi. Askari akiambiwa kuna posho asidhani ni mgawo wa kambini. Uganda posho ni ugali wenyewe wa mahindi. Chandarua kisisahauliwe, kwa kuwa Busia na Tororo zinajulikana tangu zamani kwa wingi wa malaria.

Wako pia waendao kumwuguza ndugu katika hospitali ya misheni ya Dabani. Hao na wachukue shuka, sufuria, sabuni na noti ndogo ndogo za Uganda, kwani kumpikia na kumfulia mgonjwa ni kazi ya jamaa zake.