Ua Linaloponzwa na Kiazi Chake

Mpenzi msomaji, huenda wewe mkaaji wa mjini unaijua okidi kwa picha tu. Huko Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ua hilo huota lenyewe mbugani. Aina zake zipatazo 45 zimehesabiwa huko, na wenyeji hupaita mahali hapo Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa.

Makao ya okidi hizo ni nyasi fupi zilizo mita 2,600 hivi juu ya bahari, penye udongo wa volkano. Mvua za Novemba hadi Aprili huzichanua. Kiangazi kikija na baridi kali, majani hunyauka, lakini uhai hujificha ndani ya kiazi kidogo ardhini. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu iliyomo udongoni. Ndiyo maana jembe likishapita, okidi hairudi upesi.

Kiazi hicho ndicho kinachoiponza. Huchimbwa kikauzwa hadi Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga kikapikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayekichimba hupata karo ya mwanawe. Lakini kila kiazi king'olewacho ni mmea mmoja uliokufa.

Ndugu msomaji, ukijaliwa kuwapeleka watoto Kitulo, wafundishe kutazama bila kuchuma. Ua lililoachwa shinani huzaa mbegu. Lililochumwa hunyauka mkononi.