Hidaya Ifaayo kwa Mwenye Kipaji

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi ya kitu kitolewacho kwa mapenzi. Iko zawadi, ambayo msafiri huwaletea watu wa nyumbani. Iko tunu, nayo ni kitu cha thamani kisichopatikana kila siku. Iko hidaya, ambayo mtu humpelekea mwenziwe kwa heshima na pendo. Liko tunzo, apewalo mtu kwa uhodari wa kazi yake. Na kiko kilemba, ambacho mwanafunzi aliyehitimu humpa fundi aliyemfunza. Watu wenye maneno mengi namna hii bila ya shaka ni watu waliofikiri sana juu ya kutoa. Nao ndio waliosema kuwa mcheza kwao hutunzwa, na kuwa chanda chema huvikwa pete.

Lakini tukitazama majumbani mwetu leo, twaona kuwa hidaya zetu zimekuwa za namna moja tu. Ikifika sikukuu, au arusi, au kijana akifaulu mtihani, hununuliwa nguo, manukato, saa au simu, akapewa huyu kama alivyopewa yule. Vitu hivyo si vibaya, na wala hatumkatazi mtu kuvitoa. Illa yumo katika nyumba nyingi mtu ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia mkono wa kazi au akili ya kubuni: kijana aandikaye khati, binti ashonaye kofia, fundi achongaye mbao, mama asukaye mikeka, au mtunga mashairi. Mtu huyu hupewa saa kama wenziwe, na kipaji chake hakipewi kitu. Na mara nyingine hupewa lililo zito zaidi, nalo ni swali: "Utaacha lini michezo hiyo?"

Basi tumeona yafaa mwezi huu tuzungumze na wasomaji wetu, hasa wazazi, juu ya hidaya impasayo mtu kama huyo.

Hidaya ni maneno yasiyo na ulimi

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tupeane hidaya ili tupate kupendana, na akatukataza kudharau hidaya ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Maana yake ni kuwa uzito wa hidaya haumo katika bei yake. Umo katika habari iliyoichukua. Kila hidaya humwambia mpokeaji neno. Ampaye mtoto nguo humwambia, "Twapenda upendeze." Ampaye kalamu njema mtoto aandikaye khati humwambia, "Tumeiona kazi yako, nasi twaithamini."

Neno hili la pili ni kubwa sana kwa mwenye kipaji, kwani kazi yake hufanywa peke yake na kwa saa nyingi, na aghalabu huanza vibaya. Khati ya mwaka wa kwanza haipendezi. Kofia ya kwanza hupinda. Shairi la kwanza huvunjika mizani. Katika wakati huo mchanga, nyumba yaweza kukifisha kipaji kwa kicheko kimoja, au kukihuisha kwa hidaya moja ndogo. Ndiyo sababu twasema jambo hili si la anasa. Ufundi mwingi wa pwani yetu umo mikononi mwa watu wachache waliokwisha kuwa wazee, na atakayeupokea ni huyu kijana tumwitaye mvivu kwa kuwa ameinamia ubao tangu alasiri.

Kwanza, ijue kazi yake

Kosa litokealo mara nyingi ni kununua kabla ya kutazama. Mtu husikia kuwa binti wa nduguye hushona kofia, akamnunulia uzi mnene wa rangi kali, naye binti hushona viua kwa uzi mwembamba juu ya bafta nyeupe. Hidaya hiyo hushukuriwa kwa adabu, kisha huwekwa sandukuni.

Afadhali mtoaji akae kidogo na kutazama mambo matatu. La kwanza, atazame chombo gani ambacho mwenye kazi huazima kwa watu kila mara. La pili, kitu gani humwishia upesi hata akalazimika kusimama katikati ya kazi. La tatu, chombo gani amekifunga kwa kamba au kukitia kiraka ili kiendelee kutumika. Hayo matatu yatamjibu bila ya kuuliza. Na akiwa hajatosheka, amwendee fundi amfundishaye kijana huyo, kwani fundi ajua upungufu wa mwanafunzi wake kuliko wazazi.

Chombo kimoja chema

Fundi mchongaji hana haja ya kisanduku chenye patasi kumi za chuma laini zipindazo makali siku ya pili. Patasi moja ya chuma kizuri, pamoja na jiwe la kunolea, zitamfaa miaka mingi. Mchongaji mwenye patasi butu huitumia nguvu ya mkono mahali pa makali, ikateleza na kulipasua ua alilolichora kwa siku mbili. Naye hudhani kuwa hana kipaji, kumbe hana makali.

Vivyo hivyo kwa mwandishi wa khati. Kalamu yake ni ya mwanzi, na ncha yake hukatwa kwa upande ili mstari uwe mnene mahali fulani na mwembamba mahali pengine. Upana wa ncha hiyo ndio kipimo cha kazi yote, kwani nukta hutoka kwake, na herufi hupimwa kwa nukta. Kanuni ambayo huhusishwa na waziri Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Basi kisu kikali cha kukatia kalamu na mianzi michache iliyokauka sawasawa ni hidaya tukufu kwa kijana huyu. Akiongezewa kidau cha wino chenye nyuzi za hariri ndani yake, zizuiazo kalamu isinywe wino kupita kiasi, atakuwa amepewa vyombo walivyovitumia mabingwa. Na wino wenyewe waweza kutengenezwa nyumbani kwa masizi laini na gundi ya mgunga, na kuutengeneza pamoja na mtoto ni hidaya nyingine.

Mali ya kazi, ili asiogope kuharibu

Iko hofu moja iwazuiayo wanaojifunza, nayo ni hofu ya kuharibu. Mtoto mwenye karatasi moja nzuri hatathubutu kuigusa. Mwenye karatasi mia za kawaida ataharibu tisini, na katika kumi zilizobaki ataonekana mwandishi. Kwa hiyo, twawashauri wazazi wasipende tu kutoa kitu kizuri cha kuwekwa. Watoe pia kitu kingi cha kutumiwa. Msusi wa mikeka apewe mzigo wa ukindu na rangi za kutosha kuchovya, pamoja na shazia ya kuunganishia kili. Mshonaji apewe jora la bafta. Mtunzi apewe madaftari, tena yasiwe na jalada la dhahabu litakalomtisha asiandike ndani yake ila beti lililokamilika.

Tumkumbuke Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyetunga utendi wake maarufu kiasi cha mwaka 1858 ili kumwachia wasia binti yake. Mwanzoni mwa utendi huo, mama yule aliyekuwa mgonjwa amwita bintiye aje akae karibu naye akiwa na wino na karatasi. Hidaya ya mama ilikuwa maneno, lakini lau wino na karatasi havikuwepo nyumbani, pengine hata sisi tusingeyapata.

Na wazee watunzi wana haja yao. Mzee ambaye macho yamemchoka hahitaji daftari. Ahitaji mkono wa kumwandikia. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa kuwa katika karne hiyo hiyo alitokea Mwalimu Sikujua akayaandika. Mjukuu atakayekaa na babu yake jioni moja kila juma, akayanakili mashairi yake kwa hati safi, atakuwa amempa hidaya isiyouzwa dukani popote.

Kazi za waliotangulia

Miongoni mwa hidaya zote, iliyo kubwa kwa mwanafunzi wa fani ni kumwonesha kazi ya bingwa. Yasimuliwa katika habari za khati kuwa Sheikh Hamdullah wa Amasya, aliyefariki mwaka 1520, alimfundisha khati Bayezid alipokuwa liwali wa mji huo. Bayezid alipotawala Istanbul mwaka 1481, alimwita mwalimu wake, na baadaye akamtolea kutoka katika hazina yake kazi za Yaqut al-Musta'simi, bingwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 1298, akamhimiza azitazame na kuibua njia yake mwenyewe. Sheikh akajitenga na watu, akazichungua herufi zile moja moja, na alipotoka alikuwa na mwandiko mpya ambao waandishi wa Kituruki waliufuata kwa muda mrefu baada yake.

Msomaji ataona kuwa Sultani angeweza kumpa mwalimu wake dhahabu. Alimpa kitu cha kutazama, na ruhusa ya kuwa yeye mwenyewe.

Sisi hatuna hazina za masultani, lakini tunayo yaliyo karibu. Mpeleke kijana mchongaji kutazama milango ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Lamu, na umwache asimame mbele ya mlango mmoja kwa muda autakao, bila ya kumharakisha. Mwandishi wa khati asimuliwe habari za Siyu katika kisiwa cha Pate, ambako katika karne za 18 na 19 misahafu iliandikwa kwa mkono na kutiwa mapambo ya rangi, apate kujua kuwa fani hii si ya ugenini kwake. Nauli ya safari moja ya namna hii yaweza kuzidi faida ya vitu vingi vya dukani.

Wakati na nafasi

Sasa twafika kwenye hidaya isiyo na bei, nayo ndiyo ngumu kutolewa. Binti ashonaye kofia huamka, akafagia, akateka maji, akapika, akawalea wadogo zake, kisha akashika sindano usiku, macho yamekwisha choka. Mzazi akimwambia, "Tangu alasiri hata magharibi hutaitwa na mtu," atakuwa amempa kitu kikubwa kuliko cherehani. Wavulana wa nyumba wanaweza kuteka maji, wala heshima yao haitapungua. Mpeni pia taa njema, na sanduku lenye kufuli, ili kazi ya wiki tatu isichezewe na mtoto mdogo kwa dakika moja.

Kununua kwa bei ya haki

Kofia ya mkono yenye viua vingi huweza kuchukua wiki nyingi, na iliyo bora huchukua miezi. Sokoni ziko kofia za mashine kwa bei ndogo, na mnunuzi huzitaja ili kuivunja bei ya mshonaji. Na walio karibu ndio wazito zaidi: jamaa huja wakataka kofia ya bure, kwa jina la udugu. Lakini udugu wa kweli ungesema kinyume. Ikiwa wampenda mwenye kipaji, mwagizie kazi, mlipe sehemu ya bei kabla hajaanza, mpe muda, kisha umalizie bei yake pasipo kuipunguza. Fedha hiyo itamwambia kuwa kazi yake yaweza kumlisha, na hakuna hidaya imtiayo nguvu fundi kuliko hiyo. Kisha ivae kofia hiyo Ijumaa, na ukiulizwa imeshonwa na nani, mtaje.

Yasiyofaa

Yako mambo yaharibuyo hidaya. La kwanza ni masimango. Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na udhia, na hidaya nayo huoza kwa hayo hayo. Usimwambie mtoto kila juma, "Nilikununulia vyombo, mbona sioni kitu?" Kipaji hakilipi deni kwa siku maalumu. La pili ni kumlinganisha na mtoto wa jirani. La tatu ni kutoa hidaya yenye amri ndani yake, kama ampaye mchongaji vitabu vya uhasibu akadai kuwa amempa hidaya. Ikiwa waona kazi yake haitamtosha kwa riziki, mwambie kwa uwazi na kwa upole katika kikao cha shauri, na hidaya uiache iwe hidaya.

Ndugu zetu wasomaji, wazee walisema kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kalamu ya mwanzi, fungu la ukindu, jiwe la kunolea na saa mbili za utulivu havimshindi mtu mwenye nyumba. Kinachohitajika ni jicho la kutazama kabla ya mkono wa kutoa. Basi kabla ya sikukuu ijayo, kila mzazi na atazame nani nyumbani mwake aazimaye chombo kwa watu, na ni chombo gani. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzilinda amana alizoziweka katika mikono ya watoto wetu. Amin.