Mchezo wa Kuigiza na Video Katika Kuuza Bidhaa za Kikundi



Kuna methali mbili ambazo haziishi kugombana katika mikutano yetu. Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana nao hujibu kwamba biashara ni matangazo. Tulizisikia tena zikigombana kwa kikundi kimoja cha kina mama upande wa Bomet, na siku hiyo ugomvi haukuwa wa maneno tu. Shilingi 15,000 za mzunguko zilikuwa zimelipwa kwa mpiga video kutoka mjini ili atangaze mursik ya kikundi. Miezi mitatu ilikuwa imepita na hakuna hata kikombe kimoja kilichouzwa kwa sababu ya video hiyo. Mama mmoja alikuwa ameshaandika barua ya kujitoa. Kina mama wametukubalia tueleze kisa hiki, mradi tusitaje jina la kikundi.

Tuliomba kwanza tuione hiyo video. Ni ya dakika 22. Inaanza na wimbo wa kukaribisha wageni, kina mama wamevaa sare, wanaingia uwanjani wakicheza. Halafu mwenyekiti anataja kamati yote, mmoja mmoja, na mweka hazina anasimama kupunga mkono. Kisha wimbo wa pili, wa kumshukuru mgeni wa heshima. Mursik yenyewe inaonekana mara moja tu, karibu na mwisho, iko mezani nyuma ya chupa za soda. Hakuna aliyesema inauzwa wapi, wala bei, wala nambari ya simu. Kwa kweli mpiga video hakukosea. Aliitwa kwenye sherehe, akapiga sherehe.

Lakini sikilizeni kilichotokea video ilipokwisha. Mama mmoja aliinuka, akajifunga leso kiunoni, akaanza kumwiga mweka hazina anavyohesabu pesa mara tatu tatu huku akilamba kidole. Watu walicheka mpaka machozi, mweka hazina mwenyewe akiwamo. Tukawaambia: mama huyo ndiye tangazo lenu, na hamkumlipa hata senti.

Ujuzi wa kuigiza tunao tele katika sehemu zetu za Kericho na Bomet. Karibu kila boma lina kijana aliyewahi kushiriki mashindano ya drama ya shule, ambayo siku hizi yana hata kitengo cha filamu. Wale wa umri wetu mnakumbuka Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Marehemu Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang' na kutuaga mwaka 2015, hakuhitaji jukwaa kubwa. Ilitosha nyumba moja, na jambo moja dogo ambalo mzee anataka kulificha na mama anataka kulijua. Hapo huwezi kuondoka mpaka ujue limeishaje. Video ya kikundi chetu haikuwa na jambo lolote la kujua limeishaje.

Tena mursik ina bahati kuliko bidhaa nyingi. Angalieni wanariadha wetu wanapotua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na medali zao. Mara nyingi, kabla ya hotuba yoyote, mwanariadha anapewa kibuyu, anainua, anakunywa, na kamera zote ziko kwake. Tumekutana na wafanyakazi wa majani chai kutoka Kisii na Kakamega ambao hawajawahi kuonja mursik, lakini jina wanalijua kutokana na picha hizo. Kwa nini picha hiyo inakaa akilini? Kwa sababu mtu ametoka mbali, amechoka, amefika nyumbani, na kitu cha kwanza kinywani mwake ni hicho. Bidhaa iko ndani ya tendo. Haijapangwa mezani nyuma ya soda.

Kipindi cha Shamba Shape Up, kilichoanza kwenye runinga mwaka 2012, nacho kinafuata njia hiyo. Wanafika kwa mkulima mdogo halisi, tunaona zizi lake lilivyo na matope, kisha tunaliona likitengenezwa mbele ya macho yetu. Mtazamaji anasema, "Hilo ni kama langu."

Basi tukakaa na kina mama tukawauliza: ni nani ambaye asipopata mursik anaaibika? Hawakufikiri sana. Ni mama ambaye ana koito, yaani wageni wanaokuja kuposa binti yake. Mursik nzuri haifanywi kwa siku moja. Maziwa huchemshwa, hupozwa, humiminwa katika kibuyu, yaani sotet, kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, halafu hukaa siku kadhaa, wengine huyaacha wiki na zaidi. Kwa hiyo ukishtuka Alhamisi na wageni ni Jumamosi, umeshachelewa.

Mchezo ukatoka hapo, nao ni wa dakika nne tu. Ni Januari, jua ni kali, ng'ombe wamepunguza maziwa. Mama Chebet anatikisa sotet, anasikia kimya. Mume wake anamwambia asihangaike, anunue maziwa ya pakiti dukani akamulie ndimu. "Baba Chebet," anajibu, "mursik ya ndimu umeiona kwa nani?" Halafu zinafika habari kwamba shangazi ya bwana harusi atakuja pia, yule ambaye ulimi wake unajulikana kata nzima. Mama Chebet anaketi chini kabisa. Jirani anapita, anauliza kuna nini, anamwelekeza kwa kikundi. Mwisho shangazi anaonja, ananyamaza, anaonja tena, halafu anasukuma kikombe mbele aongezwe. Hakuna mtu anayesema "mursik yetu ni bora." Kikombe kimeshasema.

Hatukuwaruhusu kupiga video bado. Mchezo uende sokoni kwanza, kwa sababu sokoni hakuna anayekuonea haya. Ukichosha, ataondoka. Siku ya kwanza walianza na wimbo wa beti tano, na kufikia ubeti wa tatu nusu ya watu walikuwa wamerudi kwenye vitunguu. Wimbo ukakatwa. Palipotajwa ndimu, vijana wa boda boda walizima pikipiki wakasogea. Hapo tukajua penye uzito ni wapi. Na mchezo ulipokwisha, mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Sasa hiyo mursik iko wapi?" Kumbe hawakuja nayo! Walikuwa wamekuja kuigiza, wakasahau kuuza. Siku ya soko iliyofuata walikuja na vikombe vya kuonja na walichokuwa nacho cha kuuza kikaisha kabla ya mvua.

Ndipo video ikapigwa, kwa simu ya kugusa ya kijana wa mwanachama, bila gharama isipokuwa bando na chai ya saa nne. Mambo machache tuliyojifunza hapo yanaweza kuwasaidia. Pigeni asubuhi, maana huku kwetu mvua ya mchana mnaijua, na mawe yakipiga mabati hakuna sauti itakayosikika. Jua liwe nyuma ya mwenye simu, limulike nyuso za waigizaji. Kaeni mbali na posho mill. Simu isogezwe karibu na anayesema, kwa sababu mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno asipoyasikia anafunga. Msijaribu kuonyesha mchezo mzima. Kina mama walichagua vipande viwili, cha ndimu na cha shangazi, kila kimoja karibu nusu dakika, kwa kuwa watu hulipia bando kwa pesa zao na hawataki kulimaliza kwa ajili yenu. Walirekodi kwa Kipsigis kwa ajili ya vijijini, na mara ya pili kwa Kiswahili kwa ajili ya mji wa Kericho, ambako wateja ni watu wa kila kabila.

Bei tuliwashauri wasiitaje kwa mdomo. Iandikwe chini ya video unapoituma kwa WhatsApp au Facebook, pamoja na mahali, nambari ya simu na njia ya kulipa. Maziwa yakipanda bei, unabadilisha maandishi tu, huhitaji kumwita shangazi arudi kuigiza.

Kosa kubwa lilikuja baadaye, na hili tunalikiri, kwa sababu nasi tulikuwapo na hatukuliona. Kwenye video mursik inamiminwa kutoka katika sotet iliyopambwa kwa shanga. Mteja wa mjini akaagiza, akaletewa kwa chupa ya plastiki. Akapiga simu kwa hasira akiuliza ameuziwa nini. Alikuwa na haki yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwonyesha mteja kitu kisicholingana na kile utakachompa. Kina mama walimwomba radhi, wakaongeza kipande kifupi kinachoonyesha mursik ikitoka katika kibuyu na kuingia katika chupa safi. Sasa anayeagiza anajua atapokea nini. Na kwa vikundi vyote vinavyouza maziwa ya aina yoyote: kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya kitafutwe kabla ya tangazo, si baada. Video inaonwa na wateja na inaonwa na maafisa pia.

Kuna pia habari ya wimbo. Yule kijana, kwa nia njema, alikuwa ameweka chini ya video wimbo wa msanii anayependwa sana. Wimbo huo una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda. Tukamwambia autoe. Badala yake kina mama waliimba wao wenyewe, mstari mmoja mwishoni. Kwa hiyo wimbo uliokatwa sokoni ulipata nafasi yake, ingawa walioutunga walinung'unika kwamba ni mfupi mno.

Tukiwa hapo kwenye wimbo na mashine, tuwakumbushe jambo lililotokea karibu na kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet na mashine yake akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba habari za Chemirocha. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Huku hakuwahi kufika, lakini santuri zake zilifika, zikasikilizwa, na watu wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Rekodi ya wasichana hao ikazunguka dunia. Wenyeji wa huku walirudishiwa nakala baada ya miaka zaidi ya 60. Sisi tunaona mambo mawili hapo. La kwanza, mashine hubeba sauti mpaka mahali ambapo mwenyewe hatafika, lakini usipoeleza wewe ni nani, wasikilizaji watakubunia. La pili, muulizeni kila anayewapiga picha: nakala yetu iko wapi, na itatumiwa na nani? Kile kikundi hakikuwa na nakala safi ya video yake ya shilingi 15,000. Ilibaki kwa mpiga video.

Na watoto msiwatie kwenye matangazo kwa sababu tu wanapendeza. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ridhaa ya mzazi au mlezi inatakiwa kwa habari za mtoto. Hata kwa watu wazima, andikeni katika kitabu cha kikundi nani amekubali. Mwigizaji akija kujitoa kikundini mtafanyaje na sura yake? Jadilini mapema, mkiwa bado mnapendana.

Katibu alipewa kazi moja zaidi, kumuuliza kila mteja, "Ulisikia wapi habari zetu?" na kuandika jibu. Kitabu hicho kilitushangaza. Wengi walisema waliona mchezo sokoni, au waliambiwa na mtu aliyeuona. Video ilileta wachache. Lakini wachache hao waliagiza nyingi, kwa sababu ni watu wetu wanaofanya kazi Nairobi na Nakuru, wanaopanga koito nyumbani na hawana nafasi ya kukaa wiki nzima wakiangalia kibuyu. Hao hawapiti sokoni kwetu. Simu ndiyo soko lao.

Basi maagizo matatu yakaangukia Jumamosi moja ya Desemba. Vibuyu vilitosha viwili tu. Kina mama walikubali mawili, la tatu wakalikataa kwa heshima, na tunawasifu kwa hilo, maana kulikuwa na mmoja aliyependekeza waongeze maji.

Mwaka huu wamehesabu vibuyu kwanza. Wamewaomba wanachama wanne watenge maziwa tangu Novemba, kabla ya ukame. Mchezo mpya utatolewa sokoni Septemba na Oktoba, wakati bonasi ya chai inapokaribia na watu wanaanza kupanga sherehe za Desemba. Barua ya kujitoa ilirudishwa kwa mwenyewe bila kusomwa mkutanoni. Linalowagawa sasa ni nani atakuwa shangazi. Wanaoitaka nafasi hiyo ni watatu, na mweka hazina ni mmoja wao.